Waoga Wawili wa Wodi ya Wanaume

Mzee Mbuthia, mwuzaji wa vitunguu kwa jumla pale soko la Muthurwa, alikuwa amelazwa kusubiri upasuaji wa ngiri, na tangu afike wodi haikupumua. Dirisha lifunguliwe. Dirisha lifungwe. Mto huu ni wa mtoto? Muuguzi Jacky, mgeni kazini, alitoka macho yamemjaa machozi.

"Sista Nasambu, huyo mzee ana roho mbaya."

"Hana. Anaogopa," Nasambu, muuguzi mzoefu, akamjibu. "Mtazame kitanda cha magurudumu cha kwenda upasuaji kikipita."

Kikapita. Mbuthia akakamata chuma cha kitanda kama mtu anayezama, kisha akafoka kwamba taa inamwumiza macho.

Kwenye kitanda cha pili alilala Barre, muuza nguo kutoka mtaa wa Mowlem, aliyengoja kutolewa mawe ya nyongo. Yeye alicheka tu. Alimwomba daktari amrudishie mawe hayo akajengee choo. Jacky alimpenda, lakini Nasambu aliona sahani zake zinarudi hazijaguswa.

Jioni Nasambu akamwinamia Mbuthia. "Mzee, nisaidie. Jirani yako ana hofu, ila anaona aibu kusema. Wewe umezoea kusimamia watu. Nitulizie huyo."

Mbuthia akaketi wima. "Niachie mimi."

Mzee alipokwenda msalani, Nasambu akahamia kwa Barre. "Ndugu yangu, huyu mzee anatetemeka ndani kwa ndani. Mchangamshe, lakini usimwambie nimekuambia."

"Maskini!" Barre akasema, kwa mara ya kwanza bila kucheka.

Asubuhi Jacky alimkuta Mbuthia akimfundisha Barre kuvuta pumzi: "Polepole, bwana! Unakimbizwa na askari wa kanjo?" Barre naye alimsimulia jinsi mkewe, Hodo, alivyouza suruali yake akidhani ni ya dukani. Mzee alicheka hadi akapelekwa chumba cha upasuaji akiuliza Hodo alilipwa ngapi.

Wote wawili walifanyiwa upasuaji, wakatoka salama. Kesho yake wakalinganisha habari, na siri ikafichuka. Wakamwita Nasambu.

"Sista, hebu tuambie. Kati yetu, mwoga alikuwa nani?" Mbuthia akauliza kwa ukali.

"Nilimwambia kila mmoja ukweli mtupu," Nasambu akajibu, akirekebisha dripu isiyo na kasoro yoyote.

Barre akaanza kucheka, akashika tumbo. "Wallahi, nyuzi zangu!"

"Nyamaza, utanikatia na zangu!" Mbuthia akafoka, naye mabega yakitikisika kwa kicheko.