Bibi Arusi Hajaandikwa

Kwenye atelier, warsha ya tamthilia mpya, pale Kamembe mpakani kulikuwa na sheria moja tu, na sheria yenyewe ilikuwa na ladha ya nanaa. Siku waigizaji wanaposoma tamthilia yako mbele ya watu, wewe uliyeiandika unafunga kinywa. Hujibu, huelezi, husahihishi. Na kwa kuwa Papa Murhula, mzee wa tamthilia kutoka Bukavu aliyekuwa akiwaongoza, aliwajua waandishi vizuri, kabla ya kusoma alimpa mwenye tamthilia bonbon moja, pipi ya nanaa.

"Weka ku shavu," anasema. "Kama ungali unanyonya, hauna la kusema."

Wiki nzima Mwavita aliona wenzake wakinyonya bonbon na kutoa macho kama samaki, akacheka mpaka machozi. Alhamisi jioni aliambiwa kesho ni zamu yake. Kicheko kikaisha.

Mwavita anakodisha mishanana, yale mavazi ya harusi ya kufunga begani, kwenye kaduka kake karibu na soko la Kamembe. Siku ya harusi anakwenda mwenyewe kumvalisha bibi arusi, pini mdomoni. Kwa hiyo tamthilia yake aliitoa huko huko. Aliiita "Antoinette". Watu wa Bugarama wanapanda mpaka Nzahaha kuomba binti. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji wanavutana kama desturi inavyotaka: hawa wanaomba, wale wanakana kwamba hata wana binti. Maneno yalikuwa matamu. Mwavita aliyasikia tangu utotoni.

Lakini Papa Murhula alikuwa ameisoma, na sasa alisimama naye nje ya ukumbi, sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, mkononi, ziwa chini yao na taa za Bukavu zikianza kuwaka ng'ambo.

"Maman Mwavita. Tamthilia inaitwa Antoinette. Antoinette mwenyewe iko wapi?"

"Anatoka ku mwisho, Papa."

"Anatoka, anafanya nini?"

"Bibi arusi anasalimia bageni. Bantu banapiga vigelegele. Bananywa, banacheza."

"Hiyo ni harusi. Harusi nimeona, na kula nimekula sana." Akatafuna sambaza moja polepole. "Mwisho hauna. Kesho tunasoma. Kama haujapatikana, Jumamosi tutaonyesha ile ya mbuzi."

Ile ya mbuzi ilikuwa ya kijana mmoja wa Bujumbura, na kusema kweli haikuwa mbaya. Lakini Jumamosi ndiyo siku watu wa nchi tatu wangekaa pamoja kuona tamthilia zilizoiva, na zisizoiva zingerudi nyumbani kwenye mfuko. Mwavita alikuwa ameshalialika soko zima. Muuza sambaza mmoja wa Nkanka alishamwambia bwana yake kwamba siku hiyo atajipikia. Sasa utawaambiaje watu kama hao kwamba umeshindwa na mbuzi?

Ijumaa akafika na mwisho ule ule. Aliuzungusha, akaufuta, akaurudisha. Papa Murhula akampa bonbon.

Ukumbi ulikuwa umejaa vizuri, maana majirani walikaribishwa. Mstari wa mbele, katikati kabisa, alikaa Mzee Kamali, kofia magotini. Huyu ndiye msemaji wa harusi wanayemwita watu kuanzia Nkanka mpaka Bugarama. Hakuna aliyempangia kiti hicho. Mzee Kamali akiingia mahali penye viti, anajua chake.

Bahizire, mwigizaji wa Bukavu, akasimama na karatasi zake. Ndiye msemaji wa watu wa Bugarama. Wa Nzahaha alikuwa Sibomana, kijana mpole mwenye miwani. Bahizire akakohoa, akasoma kwa sauti nzuri:

"Enyi wenye mji, tumekuja kuomba maji ya kunywa, na mwenye kutuchotea tuende naye."

Sibomana akatafuta mstari wake. Akageuza ukurasa. Akaugeuza tena.

Kwa Mzee Kamali, kusikia maneno ya kuomba bibi yakining'inia hewani bila jibu ilikuwa kama kuona mtoto analia na watu wanamwangalia tu. Alivumilia kidogo. Halafu akavaa kofia, akasimama.

"Ngoja kwanza, bwana! Muko bantu ba wapi, benye kuomba mbele ya kusalimia?"

Watu wakacheka. Bahizire akamtazama Papa Murhula. Papa Murhula aliinua mkono kama wa kusimamisha, akaishia kujikuna sikio.

"Tuko bantu ba Bugarama, Mzee," Bahizire akasema, bila kuangalia karatasi. "Kijana wetu ni mupole, na tumekuja ju ya binti yenu, Antoinette."

"Hapa hatuna Antoinette. Tulikuwa naye moja, akaenda utawa."

"Mbona juzi nilimuona ku soko, anabishana bei ya nyanya?"

"Masista nabo banakula nyanya!"

Ukumbi ukalipuka. Sibomana aliyakunja makaratasi yake, akatembea taratibu mpaka kwenye kiti cha Mzee Kamali, akakaa. Alionekana amepumzika kweli.

Mwavita kwenye kona yake alikuwa anapata homa. Hakuna hata neno moja lake hapo! Alitaka kupiga kelele, lakini bonbon ilikuwa shavuni na sheria ni sheria.

"Na babu yenu," Mzee Kamali akaendelea, sasa yuko nyumbani kabisa, "alipita hapa siku ya mvua. Tukamuazima mwavuli. Mwavuli iko wapi?"

Bahizire akapapasa mifuko. Mama mmoja nyuma akainua mwavuli wake wa maua, ukapitishwa mkono kwa mkono mpaka mbele. Bahizire akapiga goti, akautoa kwa mikono miwili. Mzee Kamali aliufungua, akaukagua kila ubavu, akaufunga.

"Ni ule ule," akasema kwa huzuni. "Sasa hatuna la kukatalia. Binti anajua kulima, mutashiba. Mulete binti!"

Hakuna aliyekuja.

Waigizaji wakatazamana. Antoinette hakuwa na mstari hata mmoja, kwa hiyo hakupewa mtu. Mzee Kamali alisubiri akitazama mlango wa nyuma, kama alivyosubiri kwenye nyua nyingi, na Mwavita naye akautazama mlango ule. Akakumbuka yeye hukaa upande gani wa mlango huo.

Hukaa ndani. Kule chumba cha nyuma, na pini zake, na binti aliyesimama mikono juu avalishwe. Na mabinti wote husikiliza. Mmoja alicheka mpaka mshanana ukafunguka. Mmoja alilala amekaa. Mmoja alimshika mkono akamuuliza, "Bamefika wapi? Bamesema nini ju yangu?" Na yeye Mwavita, akiandika, alikuwa ameubeba uwanja wote wa mbele na viti vyake, akakiacha kile chumba.

Krak! Ukumbi mzima ulisikia bonbon ikivunjika.

Alipita katikati ya viti mpaka mbele, akainamisha macho kama bibi arusi. Mzee Kamali hakushangaa hata kidogo. Kwake binti alikuwa amechelewa tu.

"Binti yangu, bageni bameleta pombe. Tunywe?"

Bibi arusi hujibu neno moja: munywe. Mwavita mwenyewe huwafundisha.

"Hapana, Papa. Musinywe bado."

Mahali fulani kiti kililia.

"Kule nyuma tunasikia yote," akasema. "Papa, umeambia bageni najua kulima. Ile jembe ninaijua jina tu. Na weye, Mzee wa Bugarama, umesema kijana wenu ni mupole. Kwangu hajasema hata bonjour, nitajua wapi kama ni mupole? Mwavuli mumeukagua kila ubavu. Na siye? Mumuite kijana. Nimuulize kitu."

Wanawake wa nyuma walianza vigelegele, wakavikatiza wenyewe ili wasikie.

"Kijana!" Mzee Kamali akaita.

Bahizire akageuka, akafunua karatasi ya kwanza, ya kati, ya mwisho. Kijana hakuwemo. Naye hakuna aliyemwandika.

Papa Murhula akapiga makofi mara moja.

"Tusimame hapo." Akaja mbele taratibu. "Maman Mwavita, sheria ya atelier umeivunja."

"Bonbon iliisha, Papa."

"Iliisha ama uliivunja?"

Papa Murhula akatia mkono mfukoni, akatoa paketi nzima ya nanaa, akamwekea kiganjani.

"Enda andika yule kijana. Bibi arusi tumeshamusikia. Kesho Jumamosi munaonyesha ya kwenu, na mbuzi anafuata nyuma."

Mzee Kamali hakuketi. Alikuwa bado ameshika mwavuli wa watu.

"Bon," akasema. "Hiyo Jumamosi, pombe ni upande gani unaleta?"