Betri Zilizoanikwa

Mzee Volti alipofungua kufuli la stoo ya vipimo asubuhi ile, alikuta vipimo vyote sita vya hewa vimelazwa kifudifudi juu ya meza, vifuniko vya mgongoni vimetolewa, ndani tupu. Hata ile betri iliyovuja na kuota unga mweupe, aliyoifunga kwenye karatasi ili awaonyeshe wakubwa, ilikuwa imekwenda na wenzake.

Hakuuliza mtu. Alizunguka nyuma ya stoo, akainua macho kwenye paa la mabati la kibanda cha pampu. Zilikuwa huko juu, ishirini na nne, zimepangwa kwenye gunia, zinaota jua kama wazee waliostaafu.

"Ziache zipate moto," sauti ya Msimamizi ilisema nyuma yake. "Mkaguzi anaingia saa nne. Saa tatu na nusu zirudishe mahali pake, nataka vipimo vyote vioneshe vimejaa."

"Zitajaa kwa macho tu, mkubwa."

"Kwani mkaguzi ana nini zaidi ya macho?"

Msimamizi akaenda zake. Mzee Volti akabaki anayatazama mabati.

Hakuna aliyehitaji kumfundisha kuanika betri. Marehemu mkewe alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Redio ikianza kukokota maneno, mama huyo alikuwa anazitoa betri, anaziuma kidogo kwa magego, anaziweka dirishani, na jioni redio inazungumza tena, nusu saa, dakika arobaini, kabla ya kufa katikati ya habari. Walikuwa wanacheka. Redio ikikata, hakuna anayezikwa.

Lakini kipimo cha hewa si redio. Kiwanda kilikuwa kinakamua mafuta ya kupikia, na chini ya kila tangi hubaki masimbi, yale mashapo mazito ya mafuta, yanayooza. Yakioza yanatoa hewa mbaya ambayo pua huisikia mara ya kwanza tu, halafu haisikii tena. Muosha matangi anashuka na kipimo kifuani. Hewa ikiharibika, kipimo kinapiga kelele. Betri ikifa, kipimo kinanyamaza, na kule ndani gizani ukimya wa kipimo kilichokufa na ukimya wa hewa safi ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka juzi walimtoa mtu kwenye tangi namba tatu amebebwa kama gunia, kipimo bado kimefungwa kifuani, kimezima. Ripoti iliandika kuwa marehemu hakuwa makini.

Tangu siku hiyo Mzee Volti hakuamini tena vile vimistari vinne vya kwenye kioo. Alikuwa na namna yake. Anawasha kipimo, anaiacha pampu yake ndogo ivute, anawasha taa, anabonyeza king'ora cha majaribio, halafu anahesabu mpaka mia tatu. Betri ni kama mtu, alikuwa anasema. Usimuulize hali akiwa amekaa. Mtwishe mzigo kwanza. Darasa la nne ndilo alilofika, lakini hilo alilijua kuliko wenye vyeti ukutani.

Wiki kumi na moja zilizopita aliomba betri mpya. Fomu ya kwanza ilirudi kwa kukosa mhuri. Ya pili ilikaa kwa sababu mwenye mhuri yuko likizo. Ya tatu ilirudi na swali la Meneja wa Ununuzi, kwa wino mwekundu: betri zinaishaje haraka hivi, nani anazitumia? Meneja huyohuyo mwezi huo alibadilishiwa kiti cha ofisini kwa kuwa cha zamani kilikuwa kinamuumiza kiuno.

Saa tatu na nusu alizishusha. Zilikuwa zimechemka, zinaunguza vidole. Alizipachika, akawasha, na vipimo vyote sita vikaonesha vimistari vinne vinne, vimenawiri kama bibi harusi. Akachukua kipimo namba nne, akakitwisha mzigo. Alipofika sabini na nane vimistari vilikuwa viwili. Mia na ishirini, kioo kikafifia. Mia na arobaini, giza. Akakizima, akasubiri kidogo, akakiwasha tena. Vimistari vinne. Uongo mtupu, tena bila kupepesa.

Mkaguzi alikuja na faili kwapani na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga masimbi. Alisimama mbele ya meza, akahesabu vioo kwa ncha ya kalamu, akaandika. Aliuliza kama vinapimwa kila siku, Msimamizi akajibu kwamba hapa usalama ni dini. Mzee Volti akakohoa. Akasema, kwa adabu yote aliyopewa na wazazi wake, kwamba kama mzee mwenzake angekuwa na dakika tano angemuonesha kitu kuhusu betri.

Mkaguzi alimtazama kama mtu aliyeombwa nauli.

"Mzee wangu, mimi nakagua vipimo," alisema. "Betri zina idara yake."

Wakaondoka naye kwenda ofisini, kwenye chai. Msimamizi akarudi mbio na karatasi ya ruhusa ya kuingia tangi namba tatu. Ilikuwa na kisanduku kimoja cha Mzee Volti: betri sawa, au si sawa. Akataka kiwekwe alama upesi, Mkaguzi anataka kuona kazi ikiendelea.

"Si sawa," Mzee Volti akasema.

"Kioo kinasema zimejaa. Unabishana na mashine?"

"Nabishana na jua lako."

Msimamizi hakupandisha sauti. Alimkumbusha tu kwamba mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, kwamba nje ya geti kuna foleni ya vijana wanaojua kuweka alama, na kwamba mtu aliyefiwa na mke hapaswi kutafuta upweke mwingine. Akaiacha karatasi mezani, akasema anarudi baada ya dakika kumi.

Neno hilo la mke lilimchoma. Kumbe hata msiba wa mtu wanao kwenye faili. Alikumbuka wodi. Alikumbuka kile kidude cha kupimia hewa ya damu kidoleni mwa mkewe kilivyozima usiku ule, na muuguzi, mtoto wa watu, akapanda kiti akachomoa betri ya saa ya ukutani. Ilikuwa moja, zinatakiwa mbili. Muuguzi akashuka, akasema samahani baba. Asubuhi saa ya wodi ilikuwa bado imesimama, na moyo wa mkewe pia.

Chuma akatokea dirishani. Ndiye muosha matangi wa zamu, jina lake la kazini likimcheka mwili, maana alikuwa mwembamba kama mpini.

"Mzee wangu, nipe mwanamke wangu," alisema, akimaanisha kipimo namba nne. "Leo ananipenda au hanipendi?"

Mzee Volti hakucheka. Akamuuliza atakaa ndani muda gani. Chuma akasema kama dakika arobaini, masimbi yamefika magotini.

Mfukoni mwa koti Mzee Volti alikuwa na betri nne mpya. Alizinunua jana dukani, bei imepanda tena, muuza duka hata hakuona aibu kuitaja. Zilikuwa za redio. Miezi minane redio ya marehemu ilikuwa imekaa kabatini haisemi, na binti yake alimwambia, baba, nyumba inahitaji sauti. Akalipa mgongo dirisha. Akatoa za juani, akapachika zake. Akahesabu mpaka mia tatu, pampu inavuta, taa inawaka, vimistari vinne havitikisiki.

"Leo anakupenda," akamwambia Chuma. Kwenye karatasi aliweka alama ya sawa, na pembeni akaandika kwa herufi zake kubwa: NAMBA NNE TU.

Dakika ya kumi na saba kipimo kilipiga kelele. Kilipiga mpaka ofisini wakaweka vikombe chini. Chuma alitoka mdomoni mwa tangi macho yamemtoka, akakaa chini, akatapika, akabaki anahema huku kile kidude kinalia kifuani kama mtoto. Wenzake wakamvua, wakampepea. Alikuwa mzima.

Walipokusanyika, Mkaguzi aliuliza kilichotokea, na Msimamizi, kwa mshangao, akaropoka kwamba kipimo kile hakikutakiwa kulia. Akayasikia maneno yake mwenyewe. Ili apate la kushika, akakigeuza, akafungua mgongo. Betri za ndani zilikuwa za rangi nyingine.

"Hizi si za stoo yetu," akasema, na sauti yake ikapata nguvu.

Mkaguzi akafungua faili. Mtu ambaye betri hazikuwa idara yake akaandika mistari sita kuhusu betri zisizoidhinishwa. Zile ishirini na nne zilizoanikwa hakuziandika. Zilikuwa kwenye orodha ya zilizoidhinishwa.

Barua ilikuwa tayari kabla ya chakula cha mchana. Mihuri ilipatikana yote. Ilisema mkataba umesitishwa kwa kosa la kuingilia mali ya kiwanda. Mzee Volti aliisoma polepole, akaikunja mara nne. Alirudi stoo kuchukua koti, akachomoa betri zake kwenye namba nne. Vile vipimo vitano vingine vilivyoachwa vikiwaka mbele ya mgeni vilikuwa vimeshazima, kimya, kimoja kimoja, hakuna aliyeona.

Getini mlinzi alimpekua, maana ndiyo kanuni kwa aliyefukuzwa. Akazikuta mfukoni. Akamtazama kwa haya, wamekula ugali mmoja miaka tisa.

"Mzee, nimepigiwa simu. Wamesema betri nne zisitoke."

"Ni za redio ya marehemu mama yenu."

"Najua, mzee wangu. Lakini nimeambiwa niandike."

Akaandika kwenye daftari la geti: betri nne mpya, mali ya kiwanda. Mzee Volti alisoma maandishi hayo kichwa chini miguu juu. Wiki kumi na moja, fomu tatu, na leo kiwanda kilikuwa kimepata betri.

"Ongeza mstari," akasema.

"Niandike nini?"

"Andika zirudi namba nne. Chuma ana zamu kesho."

Mlinzi akasita, akaangalia upande wa ofisi. Mzee Volti alisimama palepale, mkono juu ya daftari, mpaka kalamu ilipoanza kutembea.