Ovaroli ya Bibi Harusi

Katika gereji ile kulikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa, nayo haikuandikwa popote: mteja ndiye anayechagua fundi. Mafundi wanne walikaa kwenye kiti cha nyuma cha basi, kilichong'olewa zamani na kuwekwa karibu na geti, na gari likiingia wote walinyoosha shingo kama wanafunzi wanaosubiri kugawiwa nyama. Mteja aliwatazama mmoja mmoja, kisha akanyoosha kidole. Na kidole hicho, tangu gereji ifunguliwe, hakikuwahi kupotea njia. Kilikwenda moja kwa moja kwa fundi aliye mchafu kuliko wote.

Fundi huyo aliitwa Masizi. Ovaroli yake ilikuwa imeshiba mafuta kiasi kwamba jioni haikutundikwa. Iliegemezwa ukutani, ikasimama yenyewe. Wateja wakiiona walishusha pumzi. "Huyu ndiye," walisema. "Huyu ameona mengi." Ni kweli alikuwa ameona mengi, hasa ndotoni, maana chini ya gari ndipo alipopata usingizi mtamu kuliko mahali pengine popote duniani.

Mwisho wa kiti alikaa binti mmoja, mgeni wa wiki tatu, aliyetoka chuo cha ufundi akiwa wa kwanza darasani. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa safi. Lakini neno safi ni dogo, lisibebeshwe mzigo wasiouweza watu wazima. Ilikuwa imepigwa pasi hata mikono ikawa na mistari ya kukatia mkate, na kola imekaa wima kama ya jaji. Masizi alimbatiza siku ya kwanza: Bibi Harusi.

Jumatatu liliingia gari la mikate, likitoa mvuke kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mwenye gari, mama wa bekari, alishuka na aproni yake, unga umetapakaa kwenye kilemba.

"Limechemka tena," alisema. "Mara ya tatu mwezi huu!"

Bibi Harusi alisimama. "Shikamoo, mama. Naweza kuliangalia? Nimesikiliza hapa, feni yake haizunguki."

Mama alimtazama kuanzia kola hadi pindo. "Marahaba, mwanangu. Wewe karani kaa tu, usije ukachafuka. Risiti yangu nitaipitia kwako baadaye."

Kidole kikaenda kwa Masizi. Masizi akabadilisha mpira wa maji, kama alivyoubadilisha mara mbili zilizopita, kisha akapumzika chini ya gari kwa muda unaolingana na hadhi ya kazi hiyo.

Bosi alimwita binti pembeni, kwenye rundo la matairi.

"Mikono yako naijua, nimeiona ikifanya kazi. Lakini siwezi kumshika mteja kidole nikakielekeza. Wiki tatu, hata gari moja! Kiti kina nafasi nne, na watu wanaoitaka nafasi yako wamejaa. Ijumaa saa kumi jioni, kama hakuna aliyekuchagua, Jumatatu usije. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bosi."

"Na hiyo nguo... hivi unafuliwa ikulu?"

Hakufuliwa ikulu. Alifuliwa na baba yake, dobi wa hospitali kwa miaka thelathini na moja. Mzee alikuwa amestaafu, mgongo umekataa kubeba ndoo za watu, na katika utawala wake wote zilikuwa zimebaki beseni moja, pasi moja, na ovaroli moja ya binti yake. Kila jioni alimngoja mlangoni kama kiranja siku ya ukaguzi.

"Vua," alisema, hata kabla ya salamu.

"Baba, leo haijachafuka."

"Ndiyo maana nataka kuiwahi. Mtu ni nguo, mama. Mimi nilivaa koti langu jeupe, limenyooka, wagonjwa wakaniita daktari. Sikuwakatalia, nilihofia wangekata tamaa ya kupona."

Binti angemwambiaje mzee wa namna hiyo kwamba pasi yake inamfukuzisha kazi mwanawe? Akatangaza vita kimyakimya. Jumanne asubuhi, kwenye kona kabla ya gereji, alijimwagia oili chafu; ilidondoka mbichi, na wateja wakamkwepa wakihofia viti vyao. Jioni mzee aliitazama, akacheka kwa dharau ya kitaalamu, na alfajiri oili haikuwepo. Jumatano binti alileta grisi. Grisi nayo ilishindwa, na kama adhabu, kola ikaongezwa wanga. Alhamisi alirudi nyumbani bila ovaroli mwilini.

"Nimeiacha kazini, baba. Nisikuchoshe."

Mzee alibaki ameshika pasi iliyokwisha kupata moto. "Basi sawa," alisema. Akatoa leso yake mfukoni, akaipiga pasi. Akaikunjua, akaipiga tena. Alipoikunjua mara ya tatu, binti alishindwa kuvumilia. Akafungua mkoba, akaitoa ovaroli, na ilikuwa na doa jeusi kubwa kama sahani.

Mzee alivaa miwani, akaitandaza mezani, akainama kama anayesoma barua ya serikali.

"Keti," alisema. "Mafuta haya hayakumwagika. Yamepakwa. Doa la kazi huanzia kiwikoni na magotini. Hili liko kifuani, na hapa kuna vidole vyako, kimoja, viwili, vitano. Nimefua damu za watu maisha yangu yote. Doa haliwezi kunidanganya. Nani anakulazimisha kujichafua huko? Nitajie jina tu."

Ndipo binti akasema yote: kiti cha basi, kidole, Masizi, risiti, Ijumaa.

Mzee aliitazama pasi yake. "Kwa hiyo kesho ndiyo mwisho."

"Saa kumi."

"Na kinachokuponza ni pasi yangu."

"Baba, sikutaka..."

"Ungesema, mama. Mimi si yai." Akavua miwani, akaivaa tena. "Haya. Lete oili. Lete na chai iliyobaki, na lile vumbi la dirishani. Kile kijiko cha dawa kiko wapi?"

Kisha dobi aliyeapa maisha yake yote kuyaua madoa, akaanza kuyazaa. Tone moja kiwikoni, likapanguswa kwa kitambaa kuelekea chini, "maana mkono hushuka." Magotini akasugua vumbi lililochanganywa na chai. Pajani, upande wa kulia, akachora mahali ambapo fundi hufutia spana bila kujua. Mwisho akaweka karatasi juu na kuikandamiza pasi ya moto.

"Dhambi kubwa kuliko zote kwenye chumba chetu cha kufulia ilikuwa hii," alisema. "Kupiga pasi doa kabla ya kulifua. Likipigwa pasi limekula kiapo, halitoki." Ndipo akaifua kwa sabuni, akaianika. Madoa yalibaki yamekaa kama wenye nyumba. "Kesho utaonekana mchafu, ila hutamchafua mtu."

Ijumaa asubuhi Masizi alimtazama binti, akasahau kupiga miayo.

"Bibi Harusi! Umepatwa na nini?"

"Ndoa, kaka. Imenichosha."

Kiti kizima kilicheka. Lakini saa sita ilipita, saa nane ikapita, na magari mawili tu yaliyoingia yalimwendea Masizi kwa mazoea. Saa tisa Bosi alitazama saa yake, halafu akatazama pembeni. Saa tisa na nusu likaingia gari la mikate, likivuta mvuke nyuma yake.

Mama wa bekari alishuka. Kidole kikapanda, kikamfikia Masizi, kikasita.

"Wewe hapana," alisema. "Mara tatu unanibadilishia mpira uleule!" Kidole kikasogea, kikatafuta mchafu anayefuata, kikafika mwisho wa kiti. "Ee, dada, mbona siku zote wanakuficha? Huyu ndiye fundi! Njoo. Na yule karani wenu wa Jumatatu yuko wapi?"

Bosi alikohoa. "Amehama, mama."

Binti alilala chali chini ya gari na hakusinzia. Waya wa feni ulikuwa umekatika, na yaliyoukata yalikuwa ni meno: panya aliyefuata makombo ya mikate alikuwa amepitia injini. Akaunganisha waya, akaufunga vizuri, akaomba gari liwashwe. Injini ilipopata moto, feni ikazunguka. Mvuke haukutoka. Bosi alitazama tena saa yake, ikiwa kumi kasoro dakika tano, akaivua kabisa na kuitia mfukoni.

Mama wa bekari aliinama karibu na binti, akanusa. "Lakini wewe, mbona unanukia sabuni?"

Binti alifuta spana pajani. "Baba yangu ni dobi, mama."

Mama aliyatazama magoti, akaitazama kola iliyosimama, akaelewa kila kitu. Akaangaza huku na huku, akagusa kilemba chake.

"Usimwambie mtu," alinong'ona. "Kule bekari siku hizi mashine inakanda kila kitu. Huu unga najipaka asubuhi, kama poda. Nikienda madukani bila unga wanasema mikate ni ya jana." Akapanda gari lake, akiwa bado anacheka. "Likisumbua, nakuja kwako. Na hata mkikaa mia kwenye hicho kiti, nimeshakujua."

Nyumbani, mzee alikuwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakusema "vua." Aliogopa hata kuuliza. Binti naye alimgeuzia bega la kushoto, lenye doa bichi.

Mzee alivaa miwani.

"Hili halikupakwa," alisema polepole. "Limedondoka kutoka juu. Ulikuwa umelala chali."

"Ndiyo, baba."

"Chini ya gari."

"Chini ya gari la mikate. Na Jumatatu naenda kazini."

Miwani ilihitaji kufutwa, na ilichukua muda. Beseni nyuma yake lilikuwa tayari limejaa maji.

"Haya," alisema, sauti imerudi kuwa ya kiranja. "Vua."

"Hilo la begani litoe, baba. Yale mengine yaache, yaendelee na kazi."