Jina la Mama Mkwe

Bi Tamayo muuza tofu, ile jibini ya soya, anashikilia kwamba aliyaona kwa macho yake mwenyewe. Anasema siku ya kuandikisha wagombea umeya, jioni, mlango wa ofisi ya mji ukikaribia kufungwa, gari jeusi la watu wa Meya Kuroiwa lilisimama kwenye ngazi, akashushwa mzee Tokuji ndani ya suti aliyovaa harusi ya mwanawe. Mmoja kamshika kiwiko cha kulia, mwingine cha kushoto.

"Ungedhani anapelekwa kung'olewa jino," alisema Bi Tamayo. "Kaingia mle mstaafu, katoka mgombea."

Habari ya viwiko Kozue hakuiamini sana, maana Bi Tamayo akianza na paka humaliza na chui. Lakini asubuhi yake ubao wa mabango pale sokoni Shiogawa ulikuwa na wagombea watatu badala ya wawili. Kuroiwa. Matsunami Fusae. Matsunami Tokuji. Mahali pa bango la Tokuji palikuwa patupu, hata picha hakuna.

Kozue alisimama pale na tumbo lake la miezi saba, akaelewa.

Kura ya Shiogawa haina kutia alama. Unapewa karatasi na penseli, unaandika jina la umtakaye kwa mkono wako. Na watu wa bandarini, tangu enzi za babu zao, huandika jina la ukoo peke yake, ndiyo adabu. Sasa kura iliyoandikwa "Matsunami" tupu ni ya nani? Sheria inasema haitupwi, inakatwa vipande, wagawane wale wawili. Basi kila ambaye angemwandikia Fusae kwa heshima, kipande angemmegea Tokuji, na Kuroiwa angepita katikati akipunga mkono.

Fusae alikuwa mama mkwe wa Kozue. Alikuwa mkunga wa hospitali ya mji mpaka majira ya machipuko, Kuroiwa alipoifunga wodi ya wazazi akisema haina faida. Sasa mwenye uchungu hupelekwa mji wa pili, juu ya mlima na kushuka upande wa pili. Mtoto wa Kozue angekuja pamoja na theluji. Mumewe, Masato, yuko baharini na meli ya ngisi. Barabara ya mlimani ikifunikwa na theluji huioni hata kwa taa.

Jioni ile walikaa kwenye ofisi yao ya kampeni, yaani chumba cha mbele cha duka la tofu, wakinywa chai. Bi Tamayo ndiye aliyeanza kusema.

"Dada, tuseme ukweli. Wametuweza."

"Wametuweza wapi?" Fusae aliweka kikombe chini. "Hawataki watu waandike Matsunami? Basi waandike Fusae."

Bi Tamayo akacheka. "Fusae nani? Nimekaa jirani yako tangu nywele zetu nyeusi, na jina hilo nilikuwa nimeshalisahau. Mji mzima unakuita Mkunga."

"Tuwaambie waandike Mkunga basi," Kozue alisema.

"Nimeuliza ofisi ya uchaguzi. Wanasema huenda wakaikubali, huenda wakaitupa. Mimi sitaki huenda." Fusae alimgeukia. "Binti, sauti ya kwenye gari la kampeni ni yako. Kesho utalitangaza."

Kozue aliona masikio yanawaka. "Mama, hapana. Nikuite kwa jina? Jina tupu, kwenye spika, mji mzima unasikia? Mama yangu mzazi atasema hakunifunza kitu."

"Ninayekutuma ni mimi."

"Hata ukinituma."

Fusae alimtazama kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama wazazi wodini, akisubiri. "Nimezalisha wake za watu maisha yangu yote. Uchungu ukipanda, wote hunitukana. Hata yule mke wa mwalimu mkuu, mpole kama maji. Na wewe utanitukana. Kwa hiyo anza mapema, tuzoeane."

Bi Tamayo alicheka mpaka chai ikamwagika. Kozue hakucheka. Lakini asubuhi alivaa glavu nyeupe za watangazaji, akapanda.

Gari lilikuwa lile lile la tofu, limefungwa spika juu ya paa. Bi Tamayo aliendesha, Fusae alikaa nyuma akipungia watu, Kozue kashika kipaza sauti kama mtu aliyeshika samaki hai.

"Naomba... naombeni kumkumbuka... Fu... Fusae..."

"Unatangaza au unaomba msamaha?" Bi Tamayo aliuliza bila kugeuka.

Ikawa vibaya zaidi, kwa sababu watu walisikia gari la tofu wakatoka na mabakuli. Bibi mmoja aliyepinda mgongo alifika dirishani.

"Leo kuna laini au ngumu?"

"Leo kuna Fusae, bibi."

"Fusae ndiyo chakula gani?"

"Ndiye aliyewazalisha wajukuu zako."

"Aaa, Mkunga! Kumbe ana jina?" Bibi aliinama kumchungulia Fusae mle ndani kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Sasa mimi nitaandikaje jina lake hivi hivi? Mtu mzima yule!"

"Hata mimi naona haya, bibi," Kozue alisema. "Basi tuone haya pamoja."

Siku zilivyokwenda jina likaanza kumlainikia mdomoni. Watoto wa shule walimwigiza kwa kuliburuta jina, "Fusaaae, Fusaaae," na yeye akawaachia. Kwa mama zao watafika nalo.

Katikati ya wiki walisimama kwenye soko la mnada wa samaki, wanaume wakiwa wamevaa mabuti yao, wanawake pembeni wakipasua ngisi wa kuanikwa. Dalali mkuu alikuwa mtu wa Kuroiwa, na sauti yake haikuhitaji spika.

"Wee mke wa Masato! Mkwe gani wewe? Unamwita mama wa mumeo kama unaita mbwa!"

Visu vikasimama. Kozue aliinua kipaza sauti. Fusae angeweza kumjibu, lakini alimwachia mkwewe.

"Ndiyo, namwita!" Kozue alisema, na spika ikapiga ukelele. "Namwita Fusae! Nitamwita asubuhi na jioni mpaka na wewe umwite! Walioiba jina la mume wake ni nyinyi, sasa mnanifundisha adabu? Na niambie, kaka, siku mkeo alipolala sakafuni na pacha mmoja kakaa vibaya, ulikimbia peku kwenda kumwita nani? Kuroiwa?"

Mmoja wa wapasua ngisi alicheka kwanza, kisha benchi zima. Mama mmoja akainua kisu chenye utumbo. "Fusae!" Mwingine akaitika, "Fusae!" Na mke wa dalali mwenyewe, mwenye pacha wake, kichwa chini juu ya ngisi, akasema si kwa nguvu sana lakini alisikika, "Fusae."

Dalali akarudi kuuza samaki.

Jumamosi ikafika, siku ya mwisho ya kutangaza. Saa mbili usiku spika zote hunyamaza kwa sheria. Zilikuwa zimebaki dakika chache Kozue aliposema, "Tupande kwa Baba Mdogo."

Baba Mdogo ni Tokuji. Ni mdogo wake marehemu baba mkwe wa Kozue, na mwanawe huendesha gari la ofisi ya meya, riziki yake iko mkononi mwa Kuroiwa. Wiki nzima hakuonekana nje. Kumbishia hodi nyumbani hairuhusiwi, kubisha hodi kwa ajili ya kura ni kosa. Lakini njia ni ya wote. Bi Tamayo alisimamisha gari chini ya dirisha lake lenye taa, akazima injini.

"Baba Mdogo, ni mimi Kozue, mke wa Masato. Sikuja kukusuta. Jina lako likishaandikwa halitoki tena, hilo tunalijua sote." Madirisha ya majirani yalianza kufunguka moja moja. "Kesho utapewa karatasi na penseli kama sisi. Nakuomba kitu kimoja tu. Toka hapo mlangoni, sasa hivi, jirani zako wanasikia, useme wewe mwenyewe utaandika jina gani."

Nyuma ya pazia kivuli kilisimama.

"Dakika zinakwisha, mwanangu," Bi Tamayo alinong'ona. "Karibu saa mbili."

Fusae alishuka, akasimama barabarani kando ya mkwewe, hana glavu, mikono mitupu.

"Baba Mdogo," Kozue alisema, akanyoosha kipaza sauti kuelekea dirishani. "Mwite shemeji yako kwa jina."