Mikono Mfukoni

Jumatatu bei ya hisa ilianguka vibaya kuliko siku yoyote ambayo Wanda Pietras aliiona katika miaka kumi na tisa ya kupiga kelele kwenye soko la mikataba ya hisa la Chicago. Jumanne ikapaa. Jumatano asubuhi bosi wake, Stroud, akampigia simu kutoka ghorofa ya juu, huko ambako hakuna anayekanyagwa vidole.

"Dhoruba imepita. Nunua mikataba mia nne kwa fedha za wachinjaji."

Wachinjaji walikuwa wazee waliokatakata nyama za wenye nacho miaka arobaini kwenye vyumba vya barafu, mama yake Wanda akiwamo. Kilichochezewa ni pensheni yao.

"Haijapita, bosi. Siku ya mtikisiko mkubwa haiji peke yake, inakuja na ndugu zake. Mwaka wa sabini na nne siku kama hizi zilituandama wiki nzima, nikiwa hapa hapa."

"Kwa hiyo itashuka?"

"Juu au chini, sijui. Najua itatikisika sana, na wazee hawana umri wa kungoja itulie."

"Wewe unalipwa kwa mikono yako, si kwa kichwa. Nunua."

Alirudi shimoni, kwenye zile ngazi za duara ambako wanunuzi na wauzaji husema kwa viganja: kikielekea kifuani unanunua, kikielekea nje unauza. Wanda akatia mikono mfukoni.

"Vipi, bibie, umekuja kuota jua?" alimtania Fergus Tierney wa kampuni jirani, viganja vyake vikielekea kifuani mwake mwenyewe.

Bei ikapanda. Ikapanda tena. Karani wa simu akaja mbio.

"Stroud anasema kila dakika unayosimama unawaibia wale wazee."

Akilini Wanda aliviona vidole vya mama yake, viwili havikunjuki tangu enzi za kisu. Mkono wa kulia ukachomoka nusu.

"Nunua, dada, utakufa maskini," Fergus alisema.

Akaurudisha.

Saa tano bei ikageuka. Kabla kahawa haijapoa, ilikuwa imeporomoka chini ya pale ilipoanzia asubuhi, na Fergus amekaa kwenye ngazi kama mtu aliyepigwa kofi.

Stroud alishuka mwenyewe. Akamvua Wanda koti la njano la kampuni mbele ya watu. "Umekaidi amri."

"Nimekaidi."

Ijumaa wachinjaji walipata barua: kwa busara ya Bwana Stroud, fedha zao zilikaa pembeni bei ilipoporomoka. Mama yake akaisoma mezani, supu ya kabichi ikifuka moshi.

"Bosi wenu ana akili."

"Kula, mama," Wanda alisema. Redioni walikuwa wakitangaza kwamba bei imeruka tena.