Tundu la Kushoto

"Usipige chafya, usiongee, na usicheke," Daktari Lubna alimwambia Raghad, mrija mwembamba ukiwa ndani ya tundu la kulia la pua yake.

"Nitacheka nini na mnyoo huu puani?"

"Nyamaza wee!" alisema Intisar, mama yake, roho mkononi.

Jasho la Raghad, mwenye miaka kumi na miwili ya umri na karibu kumi na miwili ya kikohozi, lilikwisha kupimwa mara mbili hapo Amman, majibu yakawa si ndiyo si hapana. Ilibaki pua. Dawa ya mwisho ikipita kwenye mrija na mstari kwenye skrini ukashuka, basi milango ya chumvi mwilini inafunguka, na kikohozi ni kikohozi tu. Usiposhuka, ni ule ugonjwa wa kurithi unaokula mapafu, wala hauponi.

Mstari ulilala tangu maji ya kwanza. Dawa ya pili ikapita, ukalala vilevile.

Daktari alikunja uso, akauchomoa mrija na kuunusa. "Habasoda. Penye mafuta mashine haisomi kitu. Nani kamtia puani?"

Intisar hakuwa na haja ya kuuliza. Alimgeukia mama mkwe wake, Hajjat Wadha, aliyeketi pembeni na tasbihi yake.

"Mama! Miezi minne tumeingoja siku hii!"

"Nimemzibua pua ili mashine ione vizuri. Kwani mumeo alikuzwa kwa kitu gani? Kwa mashine?"

"Na la kushoto, Hajjat?" daktari aliuliza.

"Nilianza na la kulia, kama ilivyo ada. Teksi ikapiga honi, huyu akachomoka mbio."

"Alhamdulillahi. Tutapima la kushoto."

Safari hii mstari ulikuwa hai. Ulishuka kwa maji ya kwanza, ukapanda kwa dawa ya pili, na daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika kwamba mrija umeshika. Kisha ikaingia dawa ya mwisho. Shuka, Intisar aliomba moyoni. Shuka basi. Ikapita dakika moja, zikapita tatu, zikapita sita. Haukushuka hata unywele.

Daktari Lubna alizima pampu, akauchomoa mrija taratibu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Intisar alipiga magoti mbele ya mama mkwe ambaye yeye mwenyewe alitoka kumfokea, akamshika mikono, tasbihi na vyote.

"Mama, nisamehe. Hebu kumbuka vizuri. Ulitia na kushoto. Hata tone moja. Sema ulitia."

Hajjat Wadha alimvuta karibu.

"Laiti, binti yangu," alisema. "La kushoto sikuligusa."