Wote Mfike Bila Kukosa

Msusi alikuwa amemaliza nusu ya kichwa cha mteja, nusu nyingine bado imesimama timtim, simu ya marehemu mumewe ilipolia mezani. Hakuigusa. Mikono yake ilikuwa na mafuta, na tena alikwishajua inasema nini. Punde mlango wa nyuma ukafunguliwa, mumewe akaingia, akafuta miguu kwenye tambara na kuuliza buti zake ziko wapi.

"Ziko pale pale, chini ya kitanda," msusi alisema.

Mteja akamsalimia. Fundi akaitikia na kupita chumbani.

Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, na alikuwa amekufa tangu wakati wa baridi. Siku hiyo aliamka na homa, kifua kinakoroma kama birika, na daktari akamwambia alale. Akalala. Kisha meseji ikaingia kwenye kundi la kazini: wafanyakazi wote mfike bila kukosa, udhuru haupokelewi. Fundi hakuwa mtu wa kubembelezwa. Aliamka, akavaa, akaenda, akaanguka kando ya mashine ya pasi. Wenzake walimfunika kwa shuka lililokuwa bado la moto.

Uongozi haukutuma mtu mazikoni. Lakini kundi halikunyamaza, na kila lilipoita, fundi alikwenda.

Mwanzoni msusi alifurahi, na hilo hakumficha mtu. Fundi alipotoka kazini alipitia nyumbani, akaketi kwenye kiti chake, wakazungumza habari za watoto kabla hajarudi alikotoka. Hakula wala hakunywa. Ila alianza kupauka. Kila zamu ilimtoa rangi kidogo, kama shuka lililofuliwa kupita kiasi. Vilianza vidole, yakafuata masikio, mwishowe akiketi karibu na dirisha ungeweza kuona maua ya pazia kupitia bega lake. Msusi akaanza kuhofu kwamba wakiendelea kumfua hivyo, hatabaki mtu wa kupumzika.

"Umechoka," alimwambia.

"Nimechoka, mama watoto."

"Basi kesho usiende."

"Wameita."

"Wanawaita walio hai!"

Fundi alifikiri kidogo. "Wamesema wote," alijibu.

Chini ya kila meseji palikuwa na maneno madogo: kujiondoa, jibu TOKA. Msusi alivaa miwani, akaandika TOKA. Jibu halikukawia: umeondolewa, tunasikitika kukupoteza. Aliyasoma maneno hayo, akayarudia. Ilikuwa mara ya kwanza kiwanda kusema kwamba kinasikitika kumpoteza.

Asubuhi simu ikalia. Karibu tena, umeunganishwa kwenye kundi. Na fundi huyo mlangoni, anafuta miguu.

Aliandika TOKA tena, na tena, kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, pamoja na tafadhali. Aliondolewa na kukaribishwa hadi akachoka kusikitikiwa. Akaizima simu na kuifukia kwenye pipa la unga. Kiwanda kikatuma barua pepe. Fundi katika uhai wake hakuwahi kujua barua pepe inafunguliwaje, lakini alikuja vilevile.

"Umeipataje na simu nimezima?" msusi aliuliza.

"Huku tuliko zinaingia vizuri zaidi," fundi alisema akifunga kamba za buti. "Mtandao haukatiki."

Binti yao, aliyeolewa mbali, alipopigiwa alisema, "Mama, ifungie tu hiyo namba." Msusi akaifukua simu, akaiwasha na kuifungia namba. Wakatuma kwa namba nyingine, naye akaizima simu na kuirudisha kwenye unga.

Ndipo alipofunga saluni yake na kwenda kiwandani mwenyewe. Ofisa utumishi alikuwa msichana mwenye adabu, nywele amesukwa vizuri ingawa zimekazwa mno penye paji. Alimpa kiti na maji ya kunywa.

"Pole sana mama. Ila mimi siwezi kumtoa. Anayetoa ni admini."

"Nionyeshe huyo admini."

"Aliacha kazi."

"Mpigie simu."

"Hatumpati, mama. Alijitoa kwenye kundi."

"Yeye aliwezaje kujitoa?"

"Alikuwa admini," ofisa alisema kwa upole.

Msusi aliyaacha maji mezani, akaenda kumtafuta msimamizi wa zamu. Alimkuta kwenye joto la mashine, anapiga kelele ili asikike. Nyuma yake fundi alikuwa amepiga magoti kwenye bomba la mvuke, anakaza nati. Mvuke ulipita katikati yake bila kumkwepa.

"Shemeji, karibu!" msimamizi alisema. "Mumeo ni mfano hapa. Hajakosa hata siku moja. Hawa wenye pumzi ndio wananitoa roho."

"Mume wangu amekufa."

"Tunajua, shemeji. Tulikuwepo."

"Basi mwacheni. Msimwite."

"Mimi simwiti yeye," msimamizi alisema, naye alikuwa anasema kweli tupu. "Mimi naita kundi."

Msusi alirudi nyumbani kwa hasira. Aliifukua simu kwenye unga, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaiwasha na kuandika kwenye kundi, polepole, ili herufi zisimponyoke: Huyu ni mke wa fundi. Fundi alikuwa mgonjwa mkamwita, akaja, akafa. Sasa ni maiti na bado mnamwita. Mwacheni mume wangu apumzike.

Majibu yalimiminika. Picha za mishumaa, za mikono iliyokutanishwa, za nyuso zenye chozi moja. Pole shemeji. Poleni wafiwa. Mungu awape nguvu. Mmoja aliuliza amefariki nani. Mwingine alituma tangazo la viatu, akalifuta. Msusi alisubiri, kidole kiko juu ya kioo, na mwisho msimamizi naye akaandika. Poleni sana familia, tuko pamoja nanyi katika kipindi hiki kigumu. Kesho zamu ya asubuhi wote mfike bila kukosa.

Fundi alipokuja asubuhi, vidole vyake havikuweza tena kushika kifungo.

"Nisaidie," alisema.

Msusi alimfunga shati hadi shingoni. Kola ilimlegea. Alimvalisha buti, akazifunga kamba kwa fundo maradufu, na kwa kuwa mlango nao ulikuwa unamshinda, akachukua khanga yake na kutoka naye. Njiani alitembea upande wa upepo ili amkinge. Walikutana na jirani aliyekuwa akifagia. Aliacha kufagia wapite, akamwambia fundi kazi njema.

Langoni msusi aligonga, maana fundi hakuwa na mkono wa kugongea. Mlinzi alifungua, akamtazama fundi kutoka juu hadi chini, akatazama saa yake, akasema amechelewa.

Fundi akaomba radhi.